Behewa Hili Lilikuwa la Nani? Mwongozo Kamili wa Kutafiti Mabehewa ya Kampuni Binafsi Kwenye Reli za Marekani Enzi za Mvuke

Ukitazama picha ya treni ya mizigo ya Marekani ya miaka ya 1920 au 1940, utakutana na jambo geni kwa sisi tuliozoea reli za Afrika Mashariki. Kwetu behewa lilikuwa la shirika: liliandikwa EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na baada ya jumuiya kuvunjika mwaka 1977 likaandikwa jina la shirika la nchi, basi. Kule, ndani ya treni moja, behewa la kwanza laweza kuwa la reli inayolivuta, la pili la reli nyingine iliyo upande wa pili wa bara, na la tatu si la reli yoyote. Ni la kampuni ya mafuta, au ya nyama, au ya matango ya achari, au la kampuni ambayo biashara yake yote ni kununua mabehewa na kuyakodisha.

Mabehewa hayo ya tatu ndiyo shabaha ya mwongozo huu. Yalibeba petroli, nyama ya Chicago, machungwa ya California, maziwa, siki, kemikali na hata kuku wazima, lakini historia yake imesahaulika kuliko ya injini zilizoyavuta. Sababu inaeleweka: reli ilitunza michoro ya mali yake yenyewe, na haikuwa na haja ya kutunza ya behewa la mtu mwingine. Mtafiti akienda moja kwa moja kwenye nyaraka za reli atarudi mikono mitupu, na wengi hukata tamaa hapo. Njia ipo, ila inapita pengine.

Kabla ya yote, jua fedha zilivyokuwa zikitembea, kwa sababu karatasi hufuata fedha. Reli moja ilipotumia behewa la reli nyingine ilimlipa mwenzake kwa siku. Behewa la kampuni binafsi lililipiwa kwa maili. Kila reli iliyolivuta ilibidi iandike lilisafiri maili ngapi kwenye njia zake na kumlipa mwenye behewa. Hesabu hiyo isingewezekana bila herufi na nambari kuandikwa wazi ubavuni, wala bila kitabu cha pamoja kilichowaeleza makarani wa nchi nzima herufi zile ni za nani na malipo yatumwe wapi. Kitabu hicho kipo hadi leo, na tutakifikia.

Anza na herufi

Kila behewa lilibeba herufi za utambulisho na nambari. Zikiishia na X, kwa kawaida mmiliki si shirika la reli. UTLX ni Union Tank Car Company. GATX ni General American, kampuni ya kukodisha mabehewa. SHPX ni Shippers' Car Line, tanzu ya kiwanda cha American Car & Foundry. ARLX ilikuwa ya Armour, SRLX ya Swift, CRLX ya Cudahy, wote wauza nyama. HJHX ilikuwa ya H. J. Heinz, ambaye alimiliki hata mabehewa yenye mapipa ya mbao ya kubebea achari.

Ila usiifanye kanuni hiyo kuwa sheria ya Musa. Pacific Fruit Express iliandika PFE tu, bila X, ingawa ilikuwa kampuni ya peke yake. Iliundwa mwaka 1906 na reli za Union Pacific na Southern Pacific, ikaanza kazi mwaka uliofuata kwa oda ya mabehewa 6,600 ya barafu, yaani yaliyopoza mzigo kwa barafu. Santa Fe nayo ilikuwa na SFRD. Haya yako katikati: ni kampuni za mabehewa, lakini wenyewe ni reli.

Na kuna mtego wa upande wa pili. Kampuni ya Mather ya Chicago, iliyoanza kwa mabehewa ya mifugo ya kumpunguzia mnyama mateso ya safari, ilikodisha mabehewa yake kwa reli ndogo, nayo yakapakwa herufi za reli hizo. Ukisoma ubavuni utaona jina la reli. Mali ni ya Mather. Dalili huwa katika umbo. Mather ilishikilia namna yake ya ujenzi wa fremu za chuma zilizo nje ya mbao, na jicho likishazoea utazitambua hata zikiandikwa jina jingine.

Tafuta majina manne

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukiuliza tu “behewa hili ni la nani?” utapata jibu moja na utaridhika mapema mno. Uliza maswali manne: nani alilijenga? Nani alilimiliki? Nani alilikodi? Mzigo uliokuwa ndani ulikuwa wa nani? Kwa behewa moja, majibu yanaweza kuwa majina manne tofauti, na kila jina lina hifadhi yake ya nyaraka.

Chukua Union Tank. Ilikuwa mkono wa Standard Oil wa kusafirishia mafuta. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoivunja Standard Oil mwaka 1911, kampuni ya mabehewa ilibaki peke yake, na mwaka 1919 ikachukua jina la Union Tank Car Company. Wateja wake wakubwa waliendelea kuwa zile kampuni dada za zamani. Kwa hiyo picha ya behewa la UTLX karibu na kiwanda cha kusafishia mafuta haikwambii mafuta ni ya nani. Mara nyingi behewa lilipakwa rangi nyeusi likaandikwa herufi za mmiliki tu. Jibu utalipata kwa mwenye kiwanda.

Au chukua Swift. Gustavus Swift ndiye aliyelifanya behewa la barafu kuwa biashara, kwa muundo aliomwagiza mhandisi Andrew Chase mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni yake iliuzia General American mabehewa yake, kisha ikayakodi. Jina la Swift likabaki ubavuni. Mtu akiandika leo kwamba behewa la Swift la mwaka 1938 “lilikuwa la Swift”, amesoma rangi, hajasoma umiliki.

Kuna na jina la tano linalojitokeza mara kwa mara. Mabehewa mengi yalinunuliwa kwa mkopo ambao benki ilibaki mmiliki wa kisheria hadi deni liishe, na bamba dogo la kutangaza hilo lilipigiliwa ubavuni. Ukiliona kwenye picha, liandike. Hati za mikopo hiyo huorodhesha nambari za mabehewa moja kwa moja.

Soma maandishi yote, si jina tu

Ubavu wa behewa ni ukurasa. Pata picha yenye ukubwa wa kutosha uikuze.

CAPY ni uwezo wa kubeba kwa pauni: 80000 ni takriban tani 36, 100000 ni takriban tani 45. LT WT ni uzito wa behewa tupu. LD LMT ni mzigo wa juu kabisa unaoruhusiwa. Kando ya uzito kuna tarehe: mwezi na mwaka, na kabla yake ama neno NEW ama kifupi cha mahali. “NEW 5-27” maana yake uzito huo ulipimwa behewa likiwa jipya, Mei 1927. Kifupi cha mahali maana yake lilipimwa upya pale, tarehe ile, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mabehewa yalipimwa upya kila baada ya miaka kadhaa, hivyo tarehe hiyo huipa picha mpaka wa chini ulio mzuri kuliko maelezo yoyote yaliyoandikwa nyuma yake.

Tarakimu zikififia kuna hesabu ya kukusaidia. Kuanzia miaka ya 1920, LT WT ukijumlisha na LD LMT ulipata jumla maalumu iliyotokana na ukubwa wa ekseli: pauni 136,000 kwa behewa la tani 40 za Kimarekani (CAPY 80000), 169,000 kwa la tani 50, 210,000 kwa la tani 70. Ukisoma LT WT 55200 kwenye behewa la barafu la tani 40, basi LD LMT itakuwa 80800 hata kama ukungu umeifuta. Hesabu hii haifai kwa mabehewa ya tangi, kwa sababu mzigo wake ulipimwa kwa ujazo, na uzito ulibadilika kulingana na kilichomiminwa ndani.

Tangi lina maandishi yake. Tafuta daraja: kuanzia Julai 1927 matangi mapya yalijengwa kwa kanuni za ICC, yaani Tume ya Biashara baina ya Majimbo. ICC-103 ndilo tangi la kawaida la mafuta, 104 limefunikwa kuzuia joto, 105 ni la shinikizo kwa mizigo kama klorini. Karibu na hapo utaona tarehe na mahali tangi na vali ya usalama vilipofanyiwa majaribio. Mara nyingi mahali hapo ni karakana ya mmiliki au ya aliyelikodi, na jina la mji mdogo usioujua laweza kukupeleka moja kwa moja kwenye kiwanda unachokitafuta.

Usipite pia sentensi ndogo za kuwaelekeza makarani warudishe behewa likiwa tupu mji fulani, kwa reli fulani. Mara nyingi huo ni mji wa aliyelikodi.

Kitabu cha makarani

Jina lake ni The Official Railway Equipment Register. Kilitoka tangu miaka ya 1880, matoleo kadhaa kila mwaka, na ndicho uti wa mgongo wa kazi hii yote. Kila reli na kila kampuni binafsi iliorodhesha mabehewa yake: aina, vipimo, uwezo, nambari kuanzia ipi hadi ipi, na idadi. Chini yake ziko anwani za kutuma ripoti za maili na bili za matengenezo.

Matoleo ya zamani yamepigwa picha na yanasomeka bure kwenye maktaba za mtandaoni za HathiTrust, Google Books na Internet Archive. Toleo likikataa kufunguka sehemu moja, jaribu nyingine. Ya baadaye yamenakiliwa na wapenda reli. Matoleo ya mwaka 1943 na 1953 ndiyo yanayopatikana kwa urahisi zaidi.

Namna ya kukisoma: kwanza nenda kwenye faharasa ya herufi upate ukurasa wa mmiliki. Kisha angalia herufi za aina. RS ni behewa la barafu la kawaida, RSM ni lile lenye reli za kuning'inizia nyama darini, RAM lina matangi ya barafu na chumvi pamoja na hizo reli za nyama, TM ni tangi la kawaida, TP ni tangi la shinikizo. Tafuta safu ya nambari inayobeba nambari yako. Nakili mstari mzima pamoja na maelezo ya chini, hata usiyoyaelewa leo.

Toleo moja ni picha tu ya siku moja. Faida inakuja unapoweka matoleo mawili au matatu sambamba, tuseme la 1925, la 1930 na la 1936. Safu iliyokuwa na mabehewa 500 imebaki na 310: mengine yamevunjwa, yameuzwa au yamepewa nambari mpya. Safu imetoweka kabisa na safu ya ukubwa uleule imeibuka kwa kampuni nyingine: hapo pana ununuzi, na sasa unajua uutafute katika magazeti ya kipindi kipi. Mimi huona raha kubwa zaidi ya kazi hii iko hapa. Tarakimu kavu zinaanza kueleza kampuni zilivyomezana.

Na hapa shika jambo moja kwa mikono miwili: nambari peke yake si utambulisho. Nambari ilitumika tena behewa la kwanza lilipokufa. Utambulisho ni herufi, nambari na tarehe, vitatu kwa pamoja.

Mwili wa behewa nao unasema

Pale maandishi yanapokosekana, tazama chuma. Fremu za magurudumu zilizoundwa kwa vipande vya chuma vilivyopindwa na kufungwa kwa boliti zilipigwa marufuku katika kubadilishana mabehewa kufikia 1940. Ukiziona kwenye njia kuu, picha ni ya kabla ya hapo. Breki za upepo za aina ya zamani, K, kwa kawaida silinda na tangi lake la hewa vimeshikana kuwa kitu kimoja. Aina ya AB, iliyowekwa kwenye mabehewa mapya kuanzia 1933, ina sehemu tatu zilizotengana chini ya sakafu. Mabehewa ya zamani yaliendelea kubadilishwa hadi 1953, kwa hiyo AB inakupa mpaka wa chini, lakini K haikupi mpaka wa juu ulio karibu.

Kwa tangi, angalia kuba lililo juu. Lilikuwapo ili kioevu kipate pa kutanukia kwa joto, na kwa ICC-103 lilitakiwa kuwa na angalau asilimia 2 ya ujazo. Tangi la shinikizo halina kuba hilo. Lina kisanduku kifupi cha vali. Hesabu mistari ya ribiti: namna mabati yalivyopangwa hutofautisha kiwanda na kiwanda. American Car & Foundry iliita miundo yake kwa mwaka, Type 11, Type 17, Type 21, Type 27, yaani 1911, 1917, 1921 na 1927, na hilo humrahisishia sana mtafiti. Ujazo wa kawaida ulikuwa galoni 8,000 au 10,000, takriban lita 30,000 na 38,000.

Behewa la barafu lina milango midogo juu ya paa, miwili kila upande wa mwisho, ya kuingizia barafu. La matunda lilikuwa refu kiasi na lilijazwa mabonge. La nyama mara nyingi ni fupi zaidi, na lilijazwa barafu iliyopondwa na chumvi ili baridi iwe kali. Bonge moja lilikuwa na pauni 300, karibu kilo 136, na watu walisimama kwenye majukwaa marefu wakiyasukuma kwa mikuki ya chuma, treni baada ya treni, usiku na mchana. Majina yao hayamo katika kitabu chochote cha makarani. Ukipata picha yenye sura zao, iandike kama unavyoandika nambari ya behewa.

Picha na hatari ya rangi

Picha bora kwa vipimo ni zile zilizopigwa kiwandani siku behewa lilipokamilika. Ziko wazi, ubavu mzima unaonekana. Lakini zinaonyesha behewa kabla ya maisha yake kuanza, na huenda ni behewa la kwanza tu la oda nzima. Ziweke pamoja na picha za njiani.

Kuhusu rangi kuwa mwangalifu sana. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi wekundu: nyekundu ilitoka kama nyeusi, na samawati ikatoka karibu nyeupe. Usimwambie mtu behewa lilikuwa jeusi kwa kuwa picha inaonyesha jeusi. Tafuta maelezo ya rangi yaliyoandikwa, au picha za rangi za kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Mabehewa ya PFE, kwa mfano, yalikuwa ya manjano ubavuni, yakageuzwa ya chungwa mwaka 1929, na hakuna picha ya nyeusi na nyeupe itakayokuonyesha badiliko hilo kwa uhakika.

Maktaba ya Bunge la Marekani ina hazina ambayo mtu aliye Tanga au Kisumu anaweza kuifungua bure usiku wa leo. Ni picha zilizopigwa kwa kazi ya serikali miaka ya 1930 na 1940. Jack Delano alipiga picha nyingi za reli mwaka 1942 na 1943, yadi za Chicago na safari ya Santa Fe hadi California, nyingine kwa rangi. Pakua faili kubwa kabisa, ile ya TIFF. Kwenye kona ya picha ambayo Delano aliipiga kwa ajili ya mfanyakazi mmoja, utakuta mabehewa kumi nyuma yake yenye nambari zinazosomeka.

Mabehewa ya barafu yenye matangazo makubwa ya bia, siagi na soseji yanastahili onyo lake. Mwaka 1934 ICC iliamua dhidi ya matangazo hayo, kwa kuwa mwenye mzigo mmoja alikuwa anapewa tangazo la bure ambalo mwenzake hakulipata. Miaka michache iliyofuata yalifutwa. Kwa hiyo tangazo kubwa linakuelekeza kabla ya hapo. Lakini watengenezaji wa modeli za kuchezea wameyapenda mno, na mengi yanayosambaa mtandaoni yametoka kwenye modeli. Dai picha halisi.

Hifadhi za kuandikia barua

Kwa mjenzi: nyaraka na picha za American Car & Foundry, kampuni iliyozaliwa mwaka 1899 kwa kuunganisha viwanda 13, ziko St. Louis Mercantile Library, ndani ya Chuo Kikuu cha Missouri–St. Louis. Za Pullman-Standard ziko Illinois Railway Museum, mji wa Union. Wajenzi walihesabu oda kwa nambari ya fungu. Ukiipata nambari hiyo, barua yako itajibiwa haraka mara dufu.

Kwa mmiliki: nyaraka za PFE ziko maktaba ya California State Railroad Museum, Sacramento. Western Fruit Express ilikuwa ya reli ya Great Northern, na karatasi za Great Northern zinatunzwa na Minnesota Historical Society, kwa hiyo anzia huko. Hagley Museum and Library, jimbo la Delaware, ina za Sun Oil na Du Pont, na mfano huo unafundisha kwamba mabehewa mara nyingi yamejificha ndani ya mafaili ya kampuni ya mafuta au kemikali, chini ya kichwa cha usafirishaji.

Mabehewa ya kifahari ya matajiri ni somo jingine na sitalifungua hapa. Kwa hayo, nyaraka za Pullman ziko Newberry Library, Chicago, na utafutaji huanza kwa jina la behewa badala ya nambari.

Barua ya kuomba msaada iwe fupi: herufi, nambari, miaka, unachokijua tayari na umekitoa wapi, na swali moja. Wasomaji wetu wanaoishi Marekani wana nafasi ambayo sisi wengine hatuna. Aliye Minnesota au Chicago anaweza kuingia, kukaa mezani na kufungua sanduku. Kama una ndugu huko, mtume na orodha iliyokamilika. Sanduku moja linalofunguliwa kwa orodha nzuri lina thamani kuliko siku nzima ya kubahatisha.

Ripoti za serikali

Wachache huzisoma, na ni kosa. Umiliki binafsi wa mabehewa ulikuwa ugomvi wa kisiasa kwa miongo. Wauza nyama wakubwa walishutumiwa kwamba kwa kumiliki mabehewa ya barafu waliwabana wauza matunda na wachinjaji wadogo. ICC ilitoa uamuzi wake kuhusu mabehewa binafsi mwaka 1918. Mwaka 1919 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikatoa ripoti nzima juu ya kampuni hizo, na katika vuguvugu hilo biashara ya mabehewa ya matunda ya Armour ikatengwa, Fruit Growers Express ikawa ya reli. Ripoti hizi zina majedwali ya wamiliki na idadi za mabehewa, na kwa kuwa ni za serikali zinasomeka zote bila kizuizi. Karatasi za ICC yenyewe zimo Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, kundi nambari 134.

Za hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, pia ni rahisi kutafuta. Hataza ya kwanza ya Marekani ya behewa la barafu ni nambari 71,423, ya J. B. Sutherland wa Detroit, Novemba 1867. Mchoro wa hataza unaonyesha wazo, hauthibitishi kwamba kitu kilijengwa.

Mwenye mzigo yuko wapi?

Jina la nne ndilo gumu, na ndilo linaloleta uhai. Anza na ramani za bima ya moto za Sanborn, zilizopo kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge. Zinaonyesha kila ghala, kila tangi la mafuta, na tawi la reli lililoingia uani. Ukijua behewa lilirudishwa mji fulani likiwa tupu, fungua ramani ya mji huo na usome majina ya viwanda vilivyo kando ya reli. Kisha magazeti ya mji, kupitia Chronicling America, mkusanyiko wa mtandaoni wa magazeti ya zamani wa Maktaba hiyo ya Bunge: ajali za treni ziliripotiwa na mizigo yake, mara nyingine na nambari.

Halafu kuna karatasi mbili zinazouzwa minadani kama takataka za kale. Hati ya safari ya mzigo inataja behewa, mtumaji, mpokeaji, bidhaa na kila reli ya njiani; moja tu inajibu kwa mpigo maswali ambayo picha mia hazijibu. Daftari la gadi linaorodhesha treni nzima, behewa kwa behewa, lenye mzigo au tupu, lilichukuliwa wapi na likaachwa wapi. Muuzaji akiweka kurasa chache kwenye tangazo la mnada, zisome hapohapo kwenye skrini na unakili. Daftari likishauzwa huenda lisionekane tena.

Kutunza ulichopata

Tengeneza jedwali kwenye kompyuta, mstari mmoja kwa kila kuonekana kwa behewa: herufi, nambari, tarehe au mipaka ya tarehe, mahali, chanzo, na safu tatu za ziada za mmiliki, aliyelikodi na mwenye mzigo. Ziache wazi safu usizo na ushahidi nazo. Usijaze kwa kukisia, kwa sababu baada ya miezi sita hutakumbuka kipi ulikisia, na atakayenakili kazi yako hatajua kabisa.

Tenganisha kilichoandikwa na ulichokihitimisha. “Ubavuni GATX, uzito 6-48” ni ushahidi. “Lilikodiwa na kiwanda cha kemikali” ni hitimisho, na linahitaji sababu yake pembeni. Vyanzo viwili vikigongana, viweke vyote viwili. Kitabu cha makarani kilichelewa mara nyingi kufuta mabehewa yaliyokufa, na picha ya tarehe iliyo wazi inakishinda.

Ukitaka kuchapisha, kagua haki za kila picha moja moja. Picha zilizopigwa kwa kazi ya serikali ya shirikisho kwa kawaida ni huru. Picha ya kiwandani iliyo katika maktaba ina masharti yake, na wakutubi hujibu swali hilo kwa moyo ukiwaambia mapema utaitumia wapi. Tuma kwao nakala ya ulichoandika pamoja na jedwali lako. Mafaili mengi ya mabehewa haya bado hayajaorodheshwa nambari kwa nambari, na orodha yako inaweza kuingia humo kumsaidia atakayefuata.